Haji Ismail wa Abu Simbel

Tuliondoka Aswan, kusini mwa Misri, saa kumi alfajiri, tumebanana ndani ya basi dogo hadi magoti yakagusa kidevu, kwa nauli ambayo wakala aliipandisha tukiwa tumeshapanda. Jangwa lote lile la karibu kilomita 300 nililala.

Kilichonipeleka ni picha moja. Mwaka 1850 Mfaransa Maxime Du Camp alifika kwenye hekalu la kale la Abu Simbel kwa mashua, na kamera ya mbao na karatasi zilizotiwa dawa ya fedha. Mchanga ulikuwa umeyafukia masanamu ya Farao Ramses wa Pili. Ili watu wa Paris wauone ukubwa wake, alimkalisha baharia wake Mnubi, Haji Ismail, juu ya taji la sanamu. Karatasi zile zilitaka mtu atulie tuli kwa muda mrefu, basi Du Camp akamwambia kwamba lile bomba la shaba la lenzi ni mzinga, akijitikisa tu utammiminia risasi. Hayo kayaandika Du Camp mwenyewe, na kila nikiyakumbuka nakasirika.

Mahali aliposimama na kamera yake hapasimamiki tena. Kati ya 1964 na 1968 hekalu lilikatwa vipande, likapandishwa mita 65 juu lisizamishwe na bwawa la Aswan. Ufuko ule wa zamani umo chini ya Ziwa Nasser, ziwa la bwawa hilo.

Mzee mmoja Mnubi, muuza chai, aliniona naigeuzageuza simu. Nikamwonyesha picha. Sanamu hakuitazama; alikuza kile kijitu cha juu kwa vidole viwili.

"Huyu wetu. Jina lake nani?"

Kwa Kiarabu changu cha madrasa nikamwambia: Haji Ismail. Akamwombea rehema, kisha akanisimulia ukoo wake ulivyohamishiwa mji wa Kom Ombo maji yalipopanda. Chai yake ilikuwa ghali, nikalipa mbili. Dereva alikwisha kupiga honi; tuliahidiwa asubuhi nzima, tukapewa kipande.

Njiani nilikuwa nawaza Unguja. Kadi za posta za zamani za kwetu zina wanawake waliovaa kanga zao wakapendeza, na chini yake pameandikwa "mwanamke wa Kiswahili", basi. Wale walikuwa mabibi zetu, na huenda wajukuu wao wako mitaa ya Ng'ambo na Malindi, hapo hapo Unguja, hadi leo. Mtu akae na kadi hizo barazani kwa wazee, aulize mmoja mmoja, wakiwa bado hai wanaozikumbuka sura hizo.