Kijiti changu cha Hawaii

Nilipopita Honolulu nilinunua vijiti viwili vya kupanda vya msanapichi, ule mti wa maua yanayonukia (frangipani), uwanja wa ndege, vimefungwa kwenye plastiki yenye mhuri wa ukaguzi, maana bila huo huviingizi Marekani bara. Vikavu, urefu wa mkono hadi kiwiko. Mume wangu akauliza, "Hizi kuni za nini?"

Cha kwanza nilikiua mwenyewe. Huruma ya maji! Kila siku namwagilia, wiki ya pili nakibonyeza chini: laini kama ndizi iliyooza, na kinanuka.

Cha pili nikaacha kidonda cha pale kilipokatwa kikauke kabisa, nikakichomeka kwenye mchanga na changarawe, maji ya kuhesabu. Jana, wiki ya saba, jani limechomoza, limejikunja kama ulimi wa paka. Siking'oi kuangalia mizizi, ingawa mkono unaniwasha.