Siku moja na fundi kompyuta wa Mwenge: hatubonyezi tu

Watu wakituona mafundi kompyuta wanajua kazi yetu ni kukaa kwenye feni, soda pembeni, tunabonyeza bonyeza halafu tunadai hela. Mimi nina kafremu Mwenge, Dar, wateja wangu ni watu wa majumbani na wanafunzi wa Mlimani. Hii ni Jumanne ya kawaida kabisa.

Saa 2 asubuhi. Nimefungua, nimefagia, nimewasha mashine ya kazi. Chai haijaisha kaingia kijana wa chuo, laptop inawaka taa, feni inazunguka, kioo cheusi ti. Kashaambiwa huko alikotoka mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekufa atafute nyingine. Nikachomoa chaji, nikafungua nyuma, nikatoa RAM, kile kipande cha kumbukumbu ya muda, nikasugua yale meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli taratibu, nikairudisha mpaka ikabana. Ikawaka. Nikamwambia 5,000, akasema "si umefuta tu fundi?" Haya, nimefuta tu.

Saa 4. Dada wa steshenari ya jirani ananiita, "kaka njoo, intaneti imekufa." Haijafa. Kompyuta yake inasoma mwaka 2012, kwa hiyo kila tovuti anayofungua inamwambia si salama, maana vyeti vya hizo tovuti kwa tarehe hiyo bado havijaanza kutumika. Ukiona unarekebisha saa leo, ukizima na kuchomoa waya inarudi nyuma tena, ni kile kibetri cha duara ndani, CR2032, wanauza hata mafundi saa. Kubadilisha dakika kumi.

Hapo katikati nikamjibu mtu WhatsApp analia bando linaisha kila akiunganisha laptop na simu. Windows inashusha masasisho kimyakimya. Ingia kwenye mipangilio ya hiyo Wi-Fi, washa Metered connection, itatulia.

Saa 5 sasa. Ndo akaja mzee wangu.

"Shikamoo mzee." "Marahaba kijana wangu, piga window hapo, nina haraka, jirani yako kule anapiga kwa 15,000." Kupiga window ni kufuta na kuweka Windows upya. Nikauliza ina shida gani, akasema nzito. Nikaiwasha, dakika zinakwenda, na huku ndani nasikia tak, tak, tak. Nikabonyeza Ctrl+Shift+Esc kuona mashine inahangaika na nini, diski iko 100% na hakuna programu yoyote iliyofunguliwa. Nikamuuliza humu kuna nini cha maana, akasema hakuna, piga tu. Nikamuuliza tena. Hakuna. Halafu kama kitu kidogo tu hivi: "ila kuna mahesabu ya kikoba, mimi ndo mhazini, kikao Jumamosi." Yako wapi? Desktop. Kopi? Ya nini?

Yaani ningempigia window pale pale, ile Desktop yote inakwenda. Kumweleza ikawa kazi nyingine. Mzee, hii diski ni ya kuzunguka, imeanza kufa, kila dakika ikiwaka inazidi kujimaliza, tunatoa mafaili kwanza mengine baadaye. Yeye anasema nyie vijana mnatafuta hela. Na kila akisema anainyanyua laptop anaitua mezani pwaa, ikiwa inawaka!

Nikaizima, nikachomoa diski, nikaichomeka kwenye mashine yangu niliyoiwasha kwa Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, ya kwenye flashi, nikaanzisha ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. Hiyo haing'ang'anii sehemu mbovu, inachukua kwanza zinazosomeka, mbovu inaziruka inarudi kuzijaribu mwishoni. Na wewe ulioko nyumbani ukisikia huo mlio usikimbilie chkdsk, ile programu ya Windows ya kukagua diski, inaisugua diski mgonjwa kabla hujaokoa kitu. Zima, acha hivyo, mletee mtu.

500GB. Mwanzo ilikuwa inakimbia vizuri, halafu ikafika pabaya, kasi ikashuka mpaka kilobaiti. Mzee kakaa kwenye stuli anaangalia namba. "Mbona hufanyi kitu?" Nafanya mzee. "Mbona unaangalia tu?" Anakwenda nje anapiga simu, kwa sauti, "nipo kwa fundi hapa, hata sielewi anafanya nini."

Saa 8 umeme ukakatika. UPS, ile betri ya akiba, ikalia pii pii, nina dakika chache, nikaisimamisha kazi vizuri nikazima. Mzee akashika kichwa, "si umeona sasa, tunaanza upya!" Hatuanzi upya, ddrescue inaandika kila ilipofika kwenye faili lake pembeni, umeme ukirudi inaendelea palepale. Hakuniamini. Tukakaa gizani na joto la Dar mnalijua, feni imelala, wateja wengine wawili wamechungulia wameondoka, mimi chakula cha mchana nimekula mihogo ya kukaanga kwa mama wa pale nje nikamnunulia na mzee, akala huku kanuna.

Sijui umeme ulirudi saa ngapi, jua lilikuwa limeshashuka. Ikaendelea palepale. Mzee akasogeza stuli, akanyamaza kwa mara ya kwanza. Ikabaki kama megabaiti thelathini hazisomeki, nikafungua kopi, nikatafuta lile faili la Excel, likafunguka, kila jina na hisa zake. Picha kadhaa za harusi ya binti yake zimekatika nusu, mengine yote yapo.

"Haya sasa, window bei gani?"

Tukavutana hapo mpaka taa za barabarani zimewaka. Mwisho kalipa 40,000 ya kuokoa mafaili, window nitamfanyia bure, ila kwenye SSD mpya, diski isiyozunguka, na SSD ni hela yake. Laptop yenyewe ya zamani, Windows 11 haiikubali, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tangu Oktoba 14, 2025, kwa hiyo hilo nalo nimemweleza, kasema tutaongea.

Kesho napita Kariakoo kuchukua SSD ya 240GB kabla sijafungua. Faili la kikoba kaondoka nalo kwenye flashi mfukoni, kopi nyingine nimemtumia kwenye barua pepe ya mwanae, na nimemwandikia kwenye karatasi kwamba flashi isikae kwenye begi moja na laptop.