Daftari la nyumbani: wiki ya sita

Nilianza kuwasomesha wanangu nyumbani kwa mbwembwe. Karatasi ya manila, rula, kalamu za rangi nne: saa mbili hesabu, saa tatu kasorobo Kiswahili, saa tatu na nusu sayansi. Nikaibandika ukutani jikoni. Kufikia Jumatano ilikuwa pambo tu. Maji ya mfereji yakija saa mbili kila mtu hukimbilia ndoo, na mwanangu mdogo wa miaka minne hana habari na saa ya mtu. Saa tatu ilikuwa ikinikuta bado niko kwenye ya saa mbili, nimeshakasirika.

Wiki ya pili nikaibandua. Nikachukua kaunta buku nene, nikachora safu kwa sala badala ya saa. Baada ya Alfajiri, kuhifadhi Kurani, kichwa kikiwa chepesi. Baada ya chai mpaka Adhuhuri, hesabu na lugha. Baada ya Alasiri, mchezo na kazi za nyumbani. Baina ya Magharibi na Isha, kurudia na visa vya Mitume. Huku Mombasa Adhuhuri haisogei sana, nusu saa hivi mwaka mzima, kwa hiyo safu zinakaa. Somo likichelewa, adhana ndiyo inayolifunga, si mimi kupiga kelele.

Palipoumiza kichwa ni kuhifadhi. Mkubwa, miaka tisa, sura fupi anazo. Sasa yuko An-Nabaa, sura ya kwanza ya Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ya Kurani. Juzuu hiyo ina aya 564, nikagawa aya tatu kwa siku nikajiona fundi. Siku kumi na tatu tukaenda vizuri. Ya kumi na nne ilibaki aya moja tu, ya 40, nikamwambia leo utamaliza mapema. Kumbe hiyo peke yake inakaribia aya tano za mwanzo zikiunganishwa! Mtoto alilia, na haki alikuwa nayo. Usiku nikafuta hesabu yote. Sasa nahesabu mistari. Msahafu wetu ni wa chapa ya Madina, mistari 15 kila ukurasa. Mistari mitatu kwa siku, Jumamosi hadi Jumatano, ukurasa unaisha. Alhamisi kurudia, Ijumaa hakuna kitu, kama chuo cha Kurani nilichosoma mimi.

Binti wa miaka saba ndiyo kwanza ameanza kuamrishwa sala, nikamtengenezea ukurasa wa nyota, tano kila siku. Jumatatu jioni nikaufungua nikakuta nyota za wiki nzima zimeshapakwa rangi ya waridi, mpaka Isha ya Jumapili. Nikamuuliza. “Mama, nitazisali zote, basi nimezipaka kabisa.” Nilicheka, halafu nikauchana ukurasa. Nilikuwa namfundisha kupaka nyota. Siku hizi mkeka wake uko kando ya wangu, na daftarini naandika mambo yangu: je, nilimwita kwa upole au kwa ukali? Wiki hii ukali mara nne.

Mavyaa alipita Jumapili, akapekua kurasa kimya kimya. “Mwanangu, Mfungo Sita uko wapi humu?” Kweli, nilikuwa na Januari mpaka Disemba tu, na Maulidi, ambayo huwa mwezi huo wa Kiislamu, sikuyaandika popote. Nimeongeza mstari wa mifungo juu ya kila mwezi, Mfungo Mosi mpaka Mfungo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Kwa penseli, maana mwezi ukiandama siku ya 29 kila kitu husogea, na mwakani vyote vitarudi nyuma siku kumi na moja hivi. Mwezi wa Ramadhani nimeacha safu ya asubuhi wazi. Sitaki kujidanganya.

Bado sayansi haina makazi. Inaelea kati ya Kiingereza na chakula cha mchana, na mara mbili imeliwa na kukuna nazi. Jana nikaipeleka hukohuko kwenye nazi: mkubwa akapima tui kwa kikombe, akaliacha, akaangalia mafuta yakipanda juu. Tumeandika ukurasa mzima. Una doa la tui katikati.