Nilivyounganisha Upper Hill na Karen kwa Masafa Yenye Leseni

Kila niliyemwambia nataka kuunganisha ofisi yetu ya Upper Hill na ile ya Karen, hapa Nairobi, kwa mawimbi ya redio alinijibu vilevile: "Chukua tu vyombo vya gigahezi 5, havina leseni, wiki ijayo uko hewani." Asanteni. Masafa hayo ya bure ndiyo yanayotumiwa na kila muuza intaneti wa mtaani, na juu ya paa letu yamejaa kama matatu ya jioni. Mtu akikuingilia huko, huna pa kulalamika. Mimi nilitaka masafa yenye mwenyewe, na mwenyewe awe mimi.

Umbali ni kama kilomita 12. Nikachagua gigahezi 15: kwa masafa ya 23 mvua ingetumaliza, na 7 ingetaka dishi kubwa ambalo mwenye jengo asingelikubali. Njiani zinapotea desibeli (kipimo cha kupanda na kushuka kwa nguvu ya mawimbi) 138 hivi. Madishi mawili ya sentimita 60 yanarudisha karibu 37 kila moja. Redio ikitoa nguvu ya 20 dBm (desibeli zikilinganishwa na miliwati moja), upande wa pili tupokee hasi 44, au hafifu kidogo. Namba hiyo niliiandika kwa kalamu nene kwenye jalada la daftari.

Kisha miti. Ramani za kompyuta zinajua vilima, hazijui mikaratusi, na kilomita 2 kabla ya kufika Karen ipo safu nzima. Hapa ndipo nilipochukua kioo cha kinyozi, nione kama mstari wa kutoka paa letu hadi mlingoti wa Karen unapita juu ya miti. Asubuhi, jua likiwa upande wa mjini, kijana wetu alipanda mlingoti wa Karen, mita 18, akaanza kunimulika. Mimi niko paani Upper Hill, jua mgongoni, simu sikioni. Nikaona kimetameta! Wengine huishia hapo, wanashangilia, wananunua vifaa. Mimi nikamwambia ashuke polepole huku akimulika. Kufikia mita 10 hivi, mwanga ukakatika.

Hesabu yake ni tamu. Akishuka mita 6 pale Karen, mstari wetu unashuka mita 5 juu ya miti. Yeye alishuka 8, kwa hiyo kutoka kileleni tulikuwa na nafasi ya karibu mita 6 na nusu juu ya majani. Kanda ya Fresnel, yaani nafasi inayouzunguka mstari ambamo mawimbi hupita, mahali hapo ina nusu kipenyo cha mita 5.8, na asilimia 60 yake ikiwa wazi inatosha, yaani mita 3.5. Zilizobaki nikawaachia mikaratusi warefuke. Nilipata majibu hayo yote kwa kioo cha bei ya chai na mandazi, ingawa askari wa jirani alikuja mbio kuuliza tunampa nani ishara.

Makaratasi sitayasimulia sana. Masafa unayaomba Mamlaka ya Mawasiliano, na mlingoti una ruhusa zake, ikiwemo ya watu wa usafiri wa anga, maana ndege za uwanja wa Wilson haziko mbali. Hakikisheni tu viwianishi (namba za mahali kwenye ramani) ni vya dishi lenyewe, si vya lango la kiwanja. Muuzaji alinisukuma ninunue redio kabla barua ya masafa haijatoka, eti bei zinapanda. Nikakataa. Upande mmoja hutuma kwenye nusu ya juu ya masafa na mwingine kwenye nusu ya chini, na vichujio vya ndani vimetengenezwa kwa kipande fulani tu. Ukipewa kipande kingine, umenunua vyuma. Jumla yote, ada za mwaka wa kwanza zikiwemo, ilifika pesa ya Vitz ya mtumba.

Siku ya kufunga, fundi mkuu aliteremka akijifuta jasho: "Madam, iko sawa, imeshika." Nikauliza, imeshika ngapi? Hasi 65. Nikamwonyesha jalada la daftari. Akaanza: ni vumbi, ni joto, ni waya. Nikamwambia, "Kaka, pungufu ya desibeli 20 si vumbi. Umeshika mwali wa pembeni." Dishi la ukubwa huo lina mwali mkuu wa nyuzi 2 na kidogo, na kando yake kuna vimwali hafifu vinavyodanganya. Alegeze, azungushe taratibu kulia hadi kushoto, aangalie kwenye multimita volti za redio zinazoonyesha nguvu inayopokelewa: zitapanda na kushuka mara tatu, na kilele cha katikati ndicho chetu. Alinuna, akapanda. Hasi 46. Hakusema kitu, lakini nilimwona akipiga picha ya daftari.

Mawimbi niliyaomba ya wima, kwa sababu matone ya mvua hubapa yakianguka na huyaumiza zaidi yale ya ulalo. Aprili mvua ilipomwagika, redio ilijishusha yenyewe kutoka 256 QAM (namna ya kubeba data, namba ikiwa kubwa ni kasi zaidi) hadi 16 kwa dakika chache, haikukatika, kisha ikarudi kwenye megabiti zake karibu 180. Meneja alinipigia hata hivyo, kwamba simu ya video imeganda, na leseni yote hiyo ya nini. Nikashuka kuangalia. Ilikuwa Wi-Fi ya chumba cha mikutano. Mtu alikuwa ameichomoa achaji simu.