Malkia Croke Park, Bao la Meath na Mama wa Crossmaglen

Mjini Drogheda, Ayalandi, ninakoishi kuna kichwa cha askofu ndani ya kisanduku cha kioo. Ni cha Oliver Plunkett, Askofu Mkuu wa Armagh, aliyenyongwa na Waingereza huko London mwaka 1681, na leo ni mtakatifu. Kimewekwa katika Kanisa la Mtakatifu Petro, barabara ya West Street. Mtu aliyetoka kununua mkate hupitia pale, akapiga ishara ya msalaba, akaenda zake. Kabla ya hapo, Septemba 1649, jeshi la Cromwell, jemadari wa Kiingereza, lilibomoa ukuta wa mji huu likaua watu kwa maelfu. Na ukiufuata mto Boyne kilomita chache kuelekea magharibi unafika mahali wafalme wawili walipopigana mwaka 1690, vita ambavyo Waprotestanti wa kaskazini bado huviadhimisha kwa ngoma kila Julai.

Kwa hiyo nilipotoka Mombasa kuja kufanya kazi katika nyumba ya wazee hapa, nilijiandaa kusikia mabaya ya Waingereza asubuhi na jioni. Niliyoyasikia yalikuwa mabaya ya Meath.

Meath ni kaunti ya jirani. Drogheda iko Louth, lakini vitongoji vya kusini vimeingia Meath, kiasi kwamba mtu anaweza kulala kaunti moja na kununua maziwa kaunti nyingine. Wanaoana, wanazikana, wanafanya kazi pamoja. Wakenya mtanielewa nikisema ni Mashemeji Derby, ila hapa mashemeji ni wa kweli, na Krismasi wanakaa meza moja.

Nieleze mchezo kidogo kwa wasioujua. Mpira wa Kigaeli una wachezaji 15 kila upande. Unaruhusiwa kuudaka mpira na kukimbia nao, mradi kila baada ya hatua nne uudundishe au uupige kidogo kwa mguu na kuudaka tena. Goli lina umbo la herufi H. Ukiupitisha juu ya mtambaa wa panya kwa kawaida unapata pointi moja, ukiutia wavuni ni bao, na bao ni pointi tatu. Hakuna anayelipwa mshahara. Beki unayemwona Jumapili mbele ya watu elfu themanini, Jumatatu yuko darasani anafundisha hesabu. Wala hakuna kununuliwa kama Arsenal inavyonunua: kwa kawaida unachezea kaunti yako, basi, hata kama haijashinda kitu tangu babu yako awe kijana.

Na mipaka ya kaunti hizo, ambayo watu wako tayari kununiana maisha kwa ajili yake, ilichorwa na watawala wa Kiingereza. Ya mwisho, Wicklow, ilichorwa mwaka 1606. Nimewahi kulisema hilo katika chumba cha chai kazini. Sikuungwa mkono.

Louth ndiyo kaunti ndogo kuliko zote 32. Ilichukua ubingwa wa Ayalandi mwaka 1957, ikaenda kulala. Tulikuwa na mzee mmoja kutoka Ardee, nitamwita hivyo hivyo, Mzee wa Ardee, aliyekuwepo uwanjani mwaka huo akiwa kijana. Jina la binti yake lilikuwa limeanza kumtoka, lakini ya 1957 aliyakumbuka yote, hadi rangi ya koti la baba yake.

Sasa njoo Julai 11, 2010. Fainali ya jimbo la Leinster, Louth na Meath, uwanja wa Croke Park, Dublin. Dakika za nyongeza, Louth wanaongoza kwa pointi moja. Mpira unarushwa golini, watu wanarundikana, na Joe Sheridan wa Meath anaanguka nao kuvuka mstari. Picha za marudio zinaonyesha wazi kwamba hakuupiga. Aliuingiza kwa mikono, na mpira wa Kigaeli huruhusiwi kuutupa. Refa akakubali bao. Meath 1-12 (yaani bao moja na pointi 12), Louth 1-10. Mashabiki wakavamia uwanja, refa akasukumwa na kupigwa. Chama cha michezo ya Kigaeli, GAA, kikasema kanuni hazikiruhusu kulazimisha marudiano, labda Meath wenyewe wajitolee. Meath hawakujitolea.

Nilikuwa zamu siku hiyo. Niliwahi kuhudumia wafiwa, na najua ukimya wa nyumba ya msiba. Chakula cha jioni kilirudi jikoni kama kilivyotoka.

Miezi kumi baadaye, Mei 17, 2011, akaja Malkia Elizabeth. Hakuna mfalme wala malkia wa Uingereza aliyekuwa amekanyaga Dublin tangu babu yake, George V, mwaka 1911, wakati nchi yote ilikuwa bado chini yao. Magazeti yalijaa. Askari walifunga mitaa ya Dublin, na siku ya kwanza alipita katika barabara zisizo na watu.

Mtu wa mbali angedhani nchi imegawanyika mbili, wanaomtaka na wasiomtaka. Niliyoyaona mimi yalikuwa ya mchanganyiko zaidi. Karibu wiki tatu kabla, mabibi zetu walikuwa wamejipanga mbele ya runinga tangu asubuhi kuangalia harusi ya William na Kate, wakijadili gauni kama waliolishona wao. Hao hao wana kaka waliojenga barabara za Birmingham, na wajukuu wanaovaa jezi za Liverpool na Manchester United. (Kwa hilo Mkenya hana la kumcheka Muayalandi. Sote tulimfukuza mkoloni, tukabaki na ligi yake.) Halafu uchumi ulikuwa umeanguka. Novemba iliyotangulia serikali ilikuwa imepiga magoti mbele ya Ulaya na IMF kwa mpango wa uokoaji wa yuro bilioni 85. Chuki ya watu mwaka ule ilikuwa ya mabenki, na Malkia aliikuta imeshapata pa kwenda.

Ndege yake ilitua Baldonnel, uwanja wa jeshi unaoitwa Casement. Roger Casement ni yule aliyeandika ripoti ya 1904 kuhusu ukatili wa watu wa Mfalme Leopold kule Kongo. Uingereza ikamtunuku, kisha mwaka 1916 ikamnyonga kwa kutafuta silaha Ujerumani kwa ajili ya uasi wa Ayalandi. Sijui kama kuna aliyemkumbusha mgeni. Siku hiyo hiyo aliweka shada la maua katika Bustani ya Ukumbusho, ya waliokufa wakipigana na ufalme wake, akainamisha kichwa. Pale sebuleni mtu mmoja alisema "haya," kwa sauti ya chini, na hakuna aliyeongeza.

Kesho yake asubuhi wakampeleka Guinness, akamiminiwa bia, akaitazama yeye na mumewe, wakaiacha pale. Wazee wetu waliguswa na hilo kuliko jambo lolote la ziara ile.

Mchana, Croke Park.

Hapa ndipo Novemba 21, 1920, asubuhi vijana wa Michael Collins, kiongozi wa wapigania uhuru, walipokuwa wamewaua majasusi wa Uingereza majumbani mwao, na alasiri askari wa Kiingereza wakaingia uwanjani Dublin ikicheza na Tipperary. Walifyatua risasi kwa muda wa kama dakika moja na nusu. Watu 14 walikufa. Mmoja alikuwa mchezaji, Michael Hogan wa Tipperary, na jukwaa kubwa limepewa jina lake. Watatu walikuwa watoto, mdogo wao ana miaka kumi. Mwingine, Jane Boyle, alikuwa amekuja na mchumba wake, zimebaki siku chache wafunge ndoa.

Kwa miongo mingi GAA haikuruhusu michezo ya Kiingereza katika uwanja huo, wala askari wa Uingereza kuwa wanachama. Mambo yalilegea polepole. Mwaka 2007, Februari, England ilicheza raga pale na Ayalandi, wimbo wao wa taifa ukapigwa, watu wakausikiliza kwa adabu, kisha Ayalandi ikawafunga 43-13. Adabu ya namna hiyo naipenda.

Basi Malkia akapita njia ya wachezaji, akatokeza ukingoni mwa majani. Bibi mwenye umri wa kufanana na wa kwetu, kofia kichwani, anaangalia uwanja mtupu. Sebule yote kimya. Mwenzangu ameshika sahani ya biskuti hewani. Kamera ikaonyesha goli la upande mmoja, na Mzee wa Ardee akanyoosha kidole.

"Pale," akasema. "Pale ndipo walipotuibia."

Kila mtu akageuka. Mwenzangu, mtu wa Navan, Meath, akaanza kucheka hadi biskuti zikamwagika. Mzee hakucheka. Akaniambia mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu, "Huyu mama angalau jana ameinamisha kichwa. Meath hadi leo hawajasema hata pole."

Nimeisimulia hadithi hii mara nyingi, na watu huipokea kama kichekesho, na ni kichekesho. Kikulacho ki nguoni mwako: jirani wa mita mia mbili ana nafasi ya kukuudhi kila Jumapili, malkia huja mara moja katika miaka mia. Lakini huwa naikatisha pale kwenye kicheko, na siku ile haikuishia pale.

Kulikuwa na mama mmoja kutoka Crossmaglen. Kijiji hicho hakifiki saa moja kwa gari kutoka hapa, ila kiko Armagh, upande wa pili wa mpaka, katika Ayalandi ya Kaskazini ambayo bado ni ya Uingereza. Klabu yao, Crossmaglen Rangers, ilikuwa imechukua ubingwa wa klabu wa Ayalandi miezi miwili tu kabla, na bendera yake nyeusi na njano ilikuwa bado juu ya kitanda chake. Malkia alipotokeza uwanjani, mama yule alichukua fimbo yake akaondoka. Hakuna kelele, hakuna neno. Nikamfuata kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na korido ilikuwa imetoka kupigwa deki.

Alikaa kitandani, akaniambia nifunge mlango. Akanieleza kwamba jeshi la Uingereza lilijenga kambi iliyoumega uwanja wa klabu yao tangu miaka ya sabini, na watoto walifanya mazoezi helikopta zikitua na kuruka juu ya vichwa vyao. Mpira ukiingia kambini, umekwenda. Akamtaja Aidan McAnespie, aliyepigwa risasi na askari kwenye kizuizi cha Aughnacloy, Februari 1988, akitembea kwenda uwanja wa Kigaeli wa kijiji chao. "Hawa wa huku," akasema, akionyesha mlango kwa kidevu, "kwao ni historia."

Hakuwa peke yake. GAA ilipoondoa marufuku ya askari wa Uingereza mwaka 2001, kaunti nyingi za kaskazini zilipinga. Na siku ya Malkia, viongozi wa kaunti kadhaa za huko hawakutokea Croke Park. Magazeti ya Dublin yaliandika juu ya taifa lililokomaa. Mimi nilikuwa nimekaa na mtu ambaye hakuona kwamba kukataa kuangalia runinga ni kukosa kukomaa, nami sikuona hivyo.

Usiku ule Malkia alihutubia katika Kasri la Dublin. Alianza kwa Kiayalandi, Rais Mary McAleese akabaki mdomo wazi. Akasema kwamba kwa kutazama nyuma, sote tunaona mambo tungependa yangefanywa kwa namna nyingine au yasingefanywa kabisa. Ilisifiwa sana. Asubuhi nilimsomea mama wa Crossmaglen maneno hayo gazetini, akaniuliza, "Ameomba msamaha?" Nikamwambia hapana. "Basi nipe chai."

Nilimkumbuka mama huyo Novemba 2023, Mfalme Charles, mwana wa Malkia, alipokuwa Kenya. Dada yangu alinitumia video kutoka Fort Jesus, Mfalme na mkewe ndani ya tuktuk ya umeme iliyopambwa, watu wanashangilia. Waingereza waliifanya ngome ile jela hadi 1958. Nairobi alikuwa ameongea juu ya huzuni na majuto makubwa kwa yaliyotendwa wakati wa Mau Mau, na ombi la msamaha halikuwemo. Dada yangu alifurahia tuktuk. Nikamwandikia ujumbe mrefu, nikaufuta. Mama mkwe wake ni wa Nyeri. Sidhani alihitaji kufundishwa na mtu aliyeko Ulaya.

Wazee wote wawili wamekwisha kufariki. Mzee wa Ardee hakuliona la Mei 11, 2025: fainali ya Leinster, Louth na Meath tena, fainali ya kwanza bila Dublin tangu ile ya 2010. Louth 3-14, Meath 1-18. Kombe la kwanza la Leinster tangu 1957. Watu zaidi ya elfu sitini na tano uwanjani, na sebuleni kwetu bibi mmoja wa miaka tisini na kitu akapiga meza hadi meno yake ya bandia yakaruka.

Mwenzangu wa Navan alituma ujumbe kwenye kundi letu la kazi jioni hiyo hiyo, akitafuta mtu wa kubadilishana naye zamu ya Jumatatu asubuhi. Tuliusoma sote. Nikaamka mapema nikamfungia kitambaa chekundu, rangi ya Louth, kwenye kabati lake.