Chupa ya Ndizi Mbivu Dirishani

Tanga, Jumapili jioni.

Leo ni siku ya nane tangu nilipotia kipande cha ndizi kisukari iliyoiva kupita kiasi ndani ya chupa tupu ya jamu, nikanyunyizia hamira kidogo, nikaiacha wazi jikoni hadi adhuhuri, kisha nikaifunga mdomo kwa kitambaa chepesi pamoja na inzi wadogo 12 waliokuwa wameingia. Ni wale wale wenye macho mekundu, wa urefu wa milimita tatu hivi, ambao hapana nyumba ya Tanga isiyowajua msimu wa maembe. Mama alipoiona chupa dirishani alisimama, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, chakula tunakifunika siku zote ili inzi wasikiguse, hawa umewaalika wa nini?"

Nilimjibu kwamba nimefundisha urithi kwa miaka 14 kwa chaki na ubao, nikichora njegere za Mendel, yule mtawa aliyegundua kanuni za urithi, njegere ambazo mimi na wanafunzi wangu hatujawahi kuzipanda, na kwamba nimechoka kuwaeleza watoto jambo ambalo mimi mwenyewe sijalishuhudia.

Inzi huyu si yule anayewatia hasara wakulima wa maembe na machungwa. Yule ni mkubwa zaidi, na hulitoboa tunda likiwa bado mtini ili atage ndani yake. Huyu wangu, ambaye wanasayansi humwita Drosophila melanogaster, hufuata tunda lililokwisha kuanza kuchacha, kwa sababu anachokitafuta hasa ni chachu inayoota juu yake. Naye ni mwenyeji wa bara letu: mwaka 2018 watafiti walieleza jinsi walivyomkuta katika mapori ya Matopos nchini Zimbabwe, akiishi mbali na watu na kulifuata tunda la mng'ongo. Nilifurahi sana nilipolisoma hilo, maana vitabu nilivyosomea vilimtaja kana kwamba alizaliwa katika maabara ya Marekani.

Huko Marekani alipata umaarufu, lakini kwa vifaa ambavyo hata jiko letu linavyo. Thomas Hunt Morgan aliwafuga katika chumba kidogo cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ndani ya chupa za maziwa, kwa ndizi zilizopondwa. Mwaka 1910, miongoni mwa maelfu ya macho mekundu, alitokea dume mmoja mwenye macho meupe. Morgan alimpandisha na majike wenye macho mekundu, akapata watoto 1,237 wenye macho mekundu. Alipowaacha watoto hao wazaliane wenyewe kwa wenyewe, akahesabu wajukuu: majike wenye macho mekundu 2,459, madume wenye macho mekundu 1,011, na madume wenye macho meupe 782. Jike mwenye macho meupe hakuwapo hata mmoja.

Nimezinakili tarakimu hizo katika daftari langu, na kila nikizitazama nawaza juu ya saa zilizotumika kuwalaza inzi hao usingizi, kuwageuza mmoja mmoja chini ya lenzi, na kuandika jinsia na rangi ya jicho la kila mmoja. Mtu aliyehesabu rangi peke yake angeona mekundu mengi na meupe machache, akaridhika. Morgan, ambaye awali alikuwa na shaka na wale waliodai kwamba urithi umebebwa na kromosomu, yaani vijiuzi vilivyomo ndani ya seli, alilazimika kukubali kwamba jeni la rangi ile, yaani chembe ya urithi inayoiamua, limo katika kromosomu X. Jike ana X mbili, dume anayo moja tu, nayo ameipata kwa mama yake. Hivyo wale madume 782 waliyapokea macho meupe kutoka kwa babu mzaa mama, yakipitia kwa mama ambaye mwenyewe alikuwa na macho mekundu.

Nilipomsimulia Mama haya alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wamefuata ujombani." Sijapata kusikia maelezo mazuri kuliko hayo. Si kila tabia hurithiwa hivyo, wala si kila anayefanana na mjomba wake amebeba jambo la kromosomu X, lakini hemofilia (ugonjwa wa damu isiyoganda vizuri) na aina za kawaida za upofu wa rangi hupita njia hiyo hiyo: mama mzima wa afya humpa mwanawe wa kiume kile ambacho kaka yake mwenyewe alikuwa nacho. Kesho kutwa darasani nitaanza na ujomba, ndipo nifike kwenye kromosomu.

Yaliyofuata ni mengi na siwezi kuyaandika yote usiku huu. Alfred Sturtevant, akiwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza, aliacha kazi zake za masomo usiku mmoja akachora ramani ya kwanza ya mpangilio wa jeni, iliyochapishwa mwaka 1913. Hermann Muller alionyesha mwaka 1927 kwamba eksirei hubadilisha jeni. Jenomu ya inzi huyu, yaani jumla ya maelezo yake yote ya urithi, ilichapishwa mwaka 2000, ikakadiriwa kuwa na jeni zipatazo 13,600, na takribani robo tatu ya jeni zinazohusishwa na magonjwa ya binadamu zina zinazolingana nazo ndani yake. Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 2017 ilitolewa kwa waliochunguza kwa inzi hawa jinsi mwili unavyojua mchana na usiku.

Chupani mwangu mabuu walionekana tangu siku ya pili, wakichimba ndizi hadi ikawa uji, na siku ya tano wakaanza kupanda ukutani mwa kioo na kutulia, wakawa pupa wa rangi ya kahawia. Jioni hii, baada ya magharibi, binti yangu aliisogeza chupa karibu na taa akaniita, "Baba, njoo uone." Nikachukua lenzi. Ndani ya ganda la pupa mmoja mbawa zilikwisha kuwa nyeusi, na upande wa juu, kwa uwazi kabisa, yalionekana macho mawili mekundu.