Vitabu vya Mamaw baada ya mafuriko

"Anza na hiki, mwanangu," Mamaw alisema, akiinua kwa mikono miwili historia ya kaunti yenye jalada gumu la rangi ya damu ya mzee. "Hiki ndicho cha bei." Karatasi zake zilikuwa zile nzito za kung'aa, na ndani mlikuwa na picha ya kila familia iliyochangia gharama za uchapaji. Maji ya kahawia yalikuwa bado yanachuruzika kutoka kwenye mgongo wake.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 31 Julai 2022, siku tatu baada ya tawi la kaskazini la Mto Kentucky, jimboni Kentucky, Marekani, kufurika. Pale Whitesburg maji yalipita rekodi ya mwaka 1957 kwa zaidi ya futi 6, na mashariki mwa Kentucky watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Mamaw na watu wake walinusurika kwa kupanda mlimani gizani. Mjukuu wake nilikuwa nikifanya naye kazi ya kutunza karatasi katika maktaba moja mjini Lexington, na ndiye aliyeniomba niende naye. Tulishika barabara ya Mountain Parkway hadi Campton, kisha namba 15 kupitia Jackson na Hazard, tukiwa tumepakia mabeseni, kreti za maziwa, karatasi ya nta, glavu, barakoa za N95 na mapipa ya maji safi, maana bombani maji hayakuwa yakitoka. Bonde zima lilimwita Mamaw, kama watu wa milima ile wanavyoita bibi zao, nami nikamwita vivyo hivyo. Bibi wa mwenzako humwiti kwa jina.

Kwa joto lile, kuvu huanza kuota kwenye karatasi mbichi ndani ya saa 48 hadi 72. Tulifika saa hizo zikiwa zimekwisha, na kwenye vitambaa vya majalada vidoa vya kijivu vilikuwa vimeshatokeza. Kitu cha kwanza kilikuwa kuchambua, na hapo ndipo nilipogongana na Mamaw.

Karatasi ya kung'aa imepakwa udongo laini pamoja na gundi. Ikilowa, gundi inalegea. Ikikauka, kurasa zinashikana moja kwa moja na hakuna mtaalamu wa kuzibandua. Kwa kipimo cha haraka, basi, Mamaw alikuwa sahihi: kitabu kile ndicho kilichokuwa karibu zaidi na kufa. Lakini vitabu vya namna hiyo huchapwa kwa mamia, na maktaba za kaunti zile, pamoja na Chama cha Historia cha Kentucky kule Frankfort, makao makuu ya jimbo, hukusanya historia za kaunti kwa bidii. Wauzaji wa vitabu vya mitumba nao wanavyo. Friza tuliyoahidiwa, ya kugandisha vitabu ili visiendelee kuota kuvu, ilikuwa moja, tena ya mtu. Nikamuuliza, "Mamaw, kipi hapa hakipo mahali pengine popote duniani?"

Alinyamaza kidogo, kisha akanyoosha kidole kwenye kitu ambacho wajukuu walikuwa wameshakitupa kwenye rundo la takataka: kitabu cha ukoo wake, fotokopi za miaka ya 1970 zilizoshikwa kwa meno ya plastiki, jalada la manila limejikunja lote.

Anayevijua vitabu hivi vya milimani anajua kwamba chapa yenyewe mara nyingi ina makosa, na makosa yana mtindo wake. Sura ya kwanza huwa na ndugu watatu waliovuka bahari pamoja kutoka Scotland au Ireland. Hufuata bibi wa kale aliyekuwa binti wa chifu wa Cherokee, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani. Kisha inakuja sensa, na hapo ndipo mwandishi asiye mwangalifu anapoteleza kabisa. Sensa ya Marekani hadi mwaka 1840 iliandika jina la mkuu wa nyumba peke yake. Wengine walikuwa hesabu tu. Mwaka 1850 ikaandika jina la kila mtu huru, lakini bila kusema nani ni nani kwa nani. Uhusiano na mkuu wa nyumba ulianza kuandikwa mwaka 1880. Kwa hiyo mtu akikuta kwenye ukurasa wa 1850 mwanamume wa miaka 27 na mwanamke wa miaka 24 wenye jina moja la ukoo, anaandika "mke wake" na kusonga mbele. Kwenye kitabu cha Mamaw hilo limo kwenye ukurasa wa tisa, na pembeni, kwa penseli, mkono wake umeandika: "Dada yake. Tazama Biblia." Kwenye wale ndugu watatu ameandika neno moja tu: "Daima!"

Masahihisho ya penseli yalijaa kitabu kizima, ya miaka mingi, mengine yakiwa na jina la shangazi aliyemweleza na mwaka wa mazungumzo. Chapa ile inaweza kupatikana kwa binamu fulani. Penseli ile haiko kwa mtu. Na bahati ya kitabu kibaya ni kwamba ndicho rahisi kuokoa. Wino wa mashine ya fotokopi ni plastiki iliyoyeyushwa kwenye karatasi, hautoki kwa maji. Penseli nayo haitoki. Tulikata yale meno ya plastiki, tukatenganisha kurasa kwa mafungu ya tano tano, tukazilaza juu ya wavu wa dirisha uliowekwa kwenye matofali barazani, kivulini. Juani zingejikunja.

Vitabu vilivyoshonwa tuliviosha kabla ya kuvigandisha, kwa sababu tope likigandia kwenye kingo linakuwa saruji. Unakuwa na mabeseni matatu ya maji baridi yaliyopangwa kwa mstari. Kitabu unakishika kikiwa kimefungwa, unakibana kwa kiganja, unakizamisha, unagonga-gonga tope kwa sponji. Ukisugua unalisukuma ndani ya nyuzi za karatasi. Beseni la pili, la tatu, kisha unakibana kidogo maji yatoke. Maji ya beseni la kwanza hubadilishwa kila yanapokuwa kama chai ya maziwa. Jiki haigusi karatasi hata tone, ingawa kila jirani aliyepita alitushauri tuitie, na mmoja alikuja nayo kabisa mkononi. Inaua kuvu, kweli, kisha karatasi inakuwa dhaifu na inaendelea kuoza polepole.

Picha hazikusubiri. Zile za karatasi tulizitia kwenye ndoo ya maji safi ya baridi, ambako zinaweza kukaa siku moja au mbili bila kushikana, kisha tukazilaza moja moja uso juu. Lakini mlikuwa na mbili za bati, yaani zilizopigwa juu ya bamba la chuma badala ya karatasi, za wazee wa karne ya 19. Picha za bati hazirudishwi majini wala hazigandishwi. Rangi inabanduka kama gamba. Zilikaushwa papo hapo kwenye taulo.

Biblia ya familia ilikuwa ya ngozi, na ngozi kuukuu ikiloweshwa tena inakuwa uji, kwa hiyo hiyo haikuoshwa. Kati ya Malaki na Mathayo mna kurasa nne za kuzaliwa, ndoa na vifo. Kwa Kentucky kurasa hizo ni jambo zito. Sheria ya mwaka 1852 ya kuandikisha vizazi na vifo ilitekelezwa kwa kusuasua kisha ikafa. Usajili wa kudumu ulianza mwaka 1911. Kabla ya hapo tarehe kamili ya mtoto wa bondeni mara nyingi iko kwenye Biblia au haiko. Mahakama zilizotunza kumbukumbu nazo ziliungua: ile ya Kaunti ya Floyd iliteketea mwaka 1808, na kaunti zenyewe zilikuwa zikigawanywa. Perry ilikatwa kutoka Floyd na Clay mwaka 1820, Letcher ikakatwa kutoka Perry na Harlan mwaka 1842. Mtu aliweza kuzaliwa, kuoa na kuzikwa kwenye kibanda kimoja, na karatasi zake zikawa kwenye kaunti tatu.

Mjukuu alitaka tuchane zile kurasa nne tuondoke nazo. Nilimkatalia. Biblia inasomwa pamoja na ukurasa wake wa mbele wenye mwaka wa uchapaji. Hii ilichapwa miaka ya 1880, na majina ya kwanza ni ya watu waliozaliwa miaka ya 1830, yote kwa mkono mmoja na wino mmoja. Maana yake yaliandikwa kwa kikao kimoja, kwa kunakili au kwa kukumbuka; tarehe za mwanzo ni ushahidi wa mtu aliyesimuliwa. Mkono unabadilika kwa mtoto wa mwaka 1887, na kuanzia hapo kila tarehe inaaminika zaidi. Ukizichana, hoja hiyo inapotea. (Kurasa zikiwa zimeshachanwa tangu zamani, usikate tamaa: wajane wa askari wa Vita vya Mapinduzi ya Marekani walizirarua na kuzituma Washington kuthibitisha ndoa zao, na nyingi zingali kwenye majalada ya pensheni.)

Kilichonipa wasiwasi kuliko vyote kilikuwa daftari la shule la mama yake Mamaw, lenye dawa na desturi, lililoandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu. Niligusa nukta moja kwa pamba yenye unyevu, ikatoka na rangi. Basi halikuoshwa wala kufunguliwa zaidi ya pale lilipokuwa limefunuka. Lilikwenda kugandishwa na tope lake, ambalo hupigwa brashi baadaye likikauka. Kwenye ukurasa uliokuwa wazi nilisoma kwamba maharage hupandwa buruji zikiwa mikononi, yaani mwezi ukiwa kwenye nyota ya Mapacha, maana kila nyota ina kiungo chake cha mwili, na viazi mwezi unapopungua, lakini kamwe si buruji zikiwa miguuni, kwani viazi vitaota vidole. Chini yake: mtoto mwenye utando mweupe mdomoni apulizwe na mtu ambaye hakuwahi kumwona baba yake. Na aya ya kuzuia damu, Ezekieli 16:6, inayosomwa kwa kutaja jina la anayetoka damu. Mamaw alisema aya hiyo mwanamume humfundisha mwanamke na mwanamke mwanamume, vinginevyo haishiki. Kuniambia mimi kwa hiyo hakukuharibu kitu.

Friza ilikuwa ya shemeji yake juu kilimani, ambako umeme haukukatika, imejaa nyama ya kulungu wa msimu uliopita. Nusu ya nyama ilipikwa siku ileile na bonde zima likala. Kila kitabu kilifungwa kwa karatasi ya nta ili visigandane, kikawekwa kwenye kreti mgongo ukiwa chini, safu moja, pakiwa na nafasi ya kuingiza mkono. Kikisimama kawaida, uzito wa maji unang'oa mwili wa kitabu kutoka kwenye jalada. Historia ya kaunti ilipata nafasi ya mwisho kabisa, kwa heshima ya mwenyewe, na ikaingia kwa shida.

Kugandisha hakukaushi, kunasimamisha saa tu. Vilihamishiwa Lexington, vikakaa vimeganda hadi majira ya baridi, kisha tukavitoa kimoja kimoja. Kitabu kilicholoa sana husimamishwa wima bila kufunguliwa, feni ikipuliza chumba na si kitabu. Kikifikia unyevunyevu unatia karatasi nyeupe za kunyonya kila baada ya kurasa kumi au ishirini, jumla isizidi theluthi ya unene wake, la sivyo mgongo unapasuka, na unazibadilisha kila zinapolowa. Kinapobaki ubaridi tu ukikigusa shavuni, kinalazwa chini ya ubao na uzito. Historia ya kaunti ilitoka na picha zake zote na mashikamano mawili. Daftari la bluu lilipoteza mistari ya juu ya kila ukurasa. Viazi na Ezekieli vilipona.

Kitabu cha ukoo tulikipiga skani kwa rangi, kwa nukta 400 kwa inchi, kwa sababu kwa nyeusi na nyeupe penseli hafifu hutoweka. Nakala moja ilikwenda maktaba ya kaunti, moja Frankfort, na moja kwa binamu kule Dayton, Ohio, ambako nusu ya ukoo ilihamia kutafuta kazi za viwandani. Binamu aliirudisha baada ya mwezi ili Mamaw aone masahihisho ya masahihisho yake: yule wa ukurasa wa tisa, alishikilia, ni mke. Ameyaandika kwa wino mwekundu wa kalamu za kuchorea, ule unaotoka kwa maji kuliko wote.